UZI: Kuchora ramani ya nchi ya kubuni kwa kompyuta – anzeni na kisiwa kimoja

BintiKahawa (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo nyote. Tangu niweke ile ramani yangu hapa jamvini, watu wengi wameniandikia wakitaka kujua nilitumia programu gani. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona heri nifungue uzi, maana swali la programu ndilo dogo kuliko yote.

Mimi nilikuwa naandika hadithi ndefu ya vijana, nchi yake ya kubuni. Nikampa dada yangu mkubwa sura saba za kwanza asome. Aliporudisha daftari akaniuliza: "Hawa wasafiri wakitoka bandarini kwenda milimani, jua la jioni linawapiga usoni. Sura ya sita wanapita njia ile ile, wanaenda kule kule, na jua la jioni liko mgongoni. Imekuwaje?" Sikuwa na jibu. Nilijaribu kuchora kwa penseli, nikafuta, nikachora tena hadi karatasi ikatoboka. Ndipo nikageukia kompyuta.

Sijasomea uchoraji wala ramani. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, pale Luthuli Avenue, ina RAM ya GB 4. Kwa hiyo usijiambie kwamba mambo haya ni ya watu wenye mashine kubwa.

Usiku wa kwanza nilichagua ukurasa mkubwa kabisa uliokuwepo, nikaanza kuchora bara zima. Siku tatu nikawa bado niko pwani. Nilipoingia bara, kila mlima niliouweka ulidai mingine ishirini pembeni yake. Nikaiacha kazi ile miezi minne. Niliporudi, nilichora kisiwa kimoja kidogo, ambacho mtu angekivuka kwa miguu siku mbili. Mlima mmoja, mito miwili, msitu, bandari, vijiji vitatu, barabara moja. Nikaweka majina, dira, kipimio na ufunguo wa alama, nikakihifadhi kama picha. Jumla jioni nne. Na katika jioni hizo nne nilikuwa nimeshika karibu kila zana ya programu angalau mara moja. Bara langu la siku tatu lilikuwa limenifundisha zana moja tu, ya kuchora ukingo wa bahari.

Hilo ndilo ninalotaka mwanzaji alishike: kisiwa kimoja, na kiishe. Kiishe kabisa, mpaka na jina la kijiji cha mwisho.

Sasa programu, kwa haraka. Inkarnate inafanya kazi ndani ya kivinjari, haihitaji kusakinishwa, ila unakula bando muda wote. Ina toleo la bure, lakini ramani za toleo hilo si za kuuza, kwa hiyo kama kitabu chako utakitoza pesa, soma masharti kwanza. Wonderdraft unainunua mara moja, unaisakinisha, na unafanya kazi bila intaneti. Hii ndiyo niliyobaki nayo, kwa sababu mtaani kwetu Kahawa West stima ikienda na intaneti ya nyumba inaenda nayo, lakini betri ya laptopu ina saa mbili. Campaign Cartographer ya kampuni ya ProFantasy ya Uingereza ndiyo kongwe kati ya hizi, ipo tangu 1993. Ina nguvu nyingi, lakini imejengwa kwa mtindo wa programu za wahandisi, na mwenye kuzoea programu za rangi hushangaa mwanzoni. Halafu kuna ya Azgaar, ya bure na ya chanzo huria, ambayo inakuzalishia dunia nzima kwa kubofya mara moja.

Kuhusu malipo, nyingi zinatoza kwa dola. Mimi nililipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ile ya ndani ya simu iliyoanza 2022. Huhitaji kwenda benki.

Mpangilio wa kazi ninaoufuata: bahari na nchi kavu kwanza, kisha milima, kisha mito, kisha misitu, kisha miji, kisha barabara, na majina mwisho kabisa. Msiruke. Niliwahi kuweka miji kabla ya mito, nikajikuta naupinda mto ili upite mjini, ilhali ni mji unaoufuata mto.

Ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

mgeni_wa_Rongai

Dada, asante kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi, pesa sina hata ya hiyo ya kulipa mara moja. Nikianza na ya Azgaar nitakosa nini?

FundiPikseli

Hutakosa kitu, ndugu. Na hapa natofautiana kidogo na mwenye uzi. Azgaar hugawanya dunia katika vijisehemu, kwa kawaida 10,000, na kila kijisehemu kina kimo chake, mvua yake na joto lake. Mito inatokana na vimo hivyo, tabianchi inatokana na mvua, mataifa na miji vinafuata. Kwa hiyo mwanzaji anapata dunia isiyo na makosa makubwa ya jiografia, kisha anaibadilisha atakavyo. Kwa nini ateseke na kisiwa cha mkono?

Faili yake ihifadhi kwenye mashine yako, usitegemee kumbukumbu ya kivinjari. Ukifuta historia ya kivinjari, kazi inaweza kwenda nayo. Na ukitaka kupamba, itoe kama SVG (aina ya faili ya mchoro) uifungue kwa Inkscape, programu ya kuchorea ambayo nayo ni ya bure. Huko utaweza kulipindisha jina la mto lifuate mkondo wake.

BintiKahawa

FundiPikseli, nakubaliana nawe kuhusu ubora wake, na mgeni_wa_Rongai aitumie bila wasiwasi. Lakini mimi nilipoitumia nilibofya kitufe cha dunia mpya mara hamsini jioni moja. Kila dunia ilikuwa nzuri, na hakuna hata moja niliyoijua. Sikujua kwa nini mji ule uko pale, wala kwa nini mpaka umepita huku. Msomaji akiniuliza, ningejibu kwamba kompyuta iliamua.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Rongai, fanya hivi: ndani ya Azgaar hiyo hiyo kuna sehemu ya kuhariri vimo. Futa nchi yote, ubaki na bahari tupu, kisha inua kisiwa chako kwa brashi. Hapo programu itakupigia hesabu za mito na mvua, lakini umbo ni lako na utajua kila kilima kilikotoka.

MzeeWaMistari

Wanangu, nimepita nikasoma, nikafurahi kuona vijana wanajali ramani. Nilifanya kazi ya upimaji miaka mingi kabla ya kustaafu. Programu zenu sizijui, ila mito naijua, na kwenye ramani nyingi za kubuni nilizoonyeshwa na wajukuu mito ndiyo inayoharibika.

Mito hukutana, haigawanyiki. Vijito viwili vinakuwa mto mmoja, mito miwili inakuwa mkubwa zaidi, hadi baharini. Tazameni hapa kwetu. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita mjini, unapita Gikomba, unaingia Athi. Athi ukiteremka unaitwa Galana, mbele yake unaitwa Sabaki, na unamwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Maji ni yale yale, majina matatu. Hiyo nayo iwekeni kwenye nchi zenu za kubuni: mto mrefu haukubali jina moja, kila watu wanaoishi kando yake wana lao.

Mto kugawanyika unaruhusiwa mwishoni, kwenye delta, kama Tana unavyofanya ukikaribia bahari, kwa kuwa pale ardhi ni tambarare na mto umebeba udongo mwingi. Kijana akinichorea mto unaogawanyika katikati ya milima, mmoja uende mashariki na mwingine magharibi, namwambia afute.

Ziwa nalo lina mlango mmoja wa kutokea. Ziwa Victoria linapokea mito mingi, linatoa mmoja tu, Nile, pale Jinja. Ziwa lisilo na mlango huwa la chumvi au magadi, kama Nakuru na Bogoria. Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi na bado maji yake ni matamu, kwa sababu yanapenya chini kwa chini. Mkitaka ziwa la ajabu katika hadithi zenu, hilo mnalo tayari, umbali wa saa mbili kwa matatu.

Na jambo la mvua. Nendeni Meru, mteremke kuelekea Isiolo. Katika mwendo mfupi sana mnatoka kwenye migomba na miraa mnaingia kwenye miiba na vumbi. Upepo wenye unyevu unatoka upande wa bahari, mlima unaukamua, upande wa pili unabaki mkavu. Kabla ya kupaka rangi ya kijani, amueni kwanza upepo wa nchi yenu unatoka wapi.

BintiKahawa

Mzee wetu, asante sana. Nimekifungua kisiwa changu sasa hivi na nimeona nimepaka msitu pande zote mbili za mlima. Natoa msitu wa magharibi leo leo. Na pale kijiji cha magharibi watu wangu walikuwa wanalima mpunga. Itabidi wafuge mbuzi, na sura nzima ya nne inabadilika. Afadhali imejulikana mapema.

NahodhaWaMeza

Sisi huku South B tunakutana Jumamosi kucheza michezo ya kuigiza ya mezani, na ramani kwetu ni ya kupimia safari. Kwa hiyo mimi huanza na kipimio kabla ya kitu chochote. Naweka gridi ya pembe sita juu ya nchi na kila pembe sita ni safari ya siku moja kwa miguu. Mchezaji akisema anaenda mjini, anahesabu visanduku na hatubishani.

Swali kwa mzee: siku moja kwa miguu tuweke kilomita ngapi?

MzeeWaMistari

Mtu mzima asiye na mzigo, njia nzuri, kilomita 25 hadi 30. Mwenye mzigo kichwani, au msafara wenye watoto na mifugo, wekeni 15 hadi 20. Mlimani punguzeni nusu. Jipimeni kwa mahali mnapopajua: kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu kilomita 480, basi kwa msafara wa kilomita 20 kwa siku hiyo ni siku 24 bila kupumzika hata moja. Mkipenda kuona kipimio kinavyofanya kazi, nunueni ramani moja ya 1:50,000 pale Survey of Kenya, Ruaraka, ya sehemu mnayoishi. Sentimita 2 ni kilomita 1. Tembeeni nayo mkononi.

Tena msijifunge kwamba lazima kaskazini iwe juu. Al-Idrisi alipomaliza ramani yake kwa mfalme wa Sisilia mwaka 1154, kusini ndiko kulikokuwa juu. Nchi yenu inaweza kuweka juu upande wanaouheshimu watu wake.

karani_wa_usiku

Nimepewa Campaign Cartographer na rafiki aliyeacha kuitumia, na nimekwama kabisa. Nabofya mlima niliouchora ili niufute, haushikiki. Nabofya tena, hakuna. Halafu nikichora barabara, inapotea. Ninakosea wapi? Nimekaa nayo usiku tatu.

BintiKahawa

Pole sana, na usiiache. Niliijaribu kwa mwezi mmoja kabla ya Wonderdraft, na kilichonikwamisha ni hicho hicho. Nieleze taratibu.

Programu nyingi tulizozoea zinataka ushike kitu kwanza, kisha useme unataka kukifanya nini. Hii ni kinyume: taja kazi kwanza, kisha onyesha kitu. Kwa hiyo chagua amri ya kufuta. Kisha bofya ukingo wa mlima, siyo katikati yake. Utaona umebadilika rangi, maana yake umechaguliwa. Ukitaka, ongeza vitu vingine. Ukimaliza, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, menyu ndogo itafunguka, chagua neno la kutekeleza. Hapo ndipo kazi inafanyika. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, na programu inabaki ikisubiri.

Angalia pia chini ya skrini. Kuna mstari wa maneno unaokuambia inachongojea kutoka kwako kwa wakati ule. Nilipoanza kuusoma mstari ule kila mara, nusu ya matatizo yangu yaliisha. Ukichanganyikiwa, bonyeza Esc, rudi mwanzo.

Barabara inayopotea: haijapotea, imefunikwa. Ramani humo imepangwa kwa karatasi zinazolaliana. Karatasi ya kwanza kwenye orodha inachorwa kwanza, kwa hiyo inakaa chini, na zinazofuata zinalala juu yake. Kama ulikuwa kwenye karatasi ya bahari ulipochora barabara, nchi kavu imeilalia. Fikiria leso zilizokunjwa kabatini, ya chini huioni mpaka uinue za juu. Ihamishie barabara kwenye karatasi iliyo juu ya nchi kavu, itaonekana. Na kila unapotaka kuchora kitu kipya, jiulize kwanza: niko karatasi gani?

Jambo hili la tabaka liko kwenye programu zote, hata Krita na GIMP. Ukilielewa huko, umelielewa kote.

karani_wa_usiku

Imeonekana! Barabara zote nne zilikuwa chini ya nchi kavu. Asante dada, Mungu akubariki.

mgeni_wa_Rongai

Mimi nimeinua kisiwa changu kama ulivyosema. Sasa nimefika kwenye majina nimepata shida mbili. Fonti nzuri zinazofanana na maandishi ya zamani zinanitolea visanduku vitupu nikiandika majina ya Kikuyu. Pili, majina yenyewe yananishinda, yote yananisikika kama ya kigeni.

FundiPikseli

Visanduku ni kwa sababu fonti nyingi za mapambo zimetengenezwa bila herufi ĩ na ũ. Kabla ya kuipenda fonti, iandikie jina moja lenye herufi hizo, na jingine lenye ng'. Alama ile ya ng' nayo baadhi ya fonti huigeuza ikawa kama alama ya kufungulia nukuu, ikaangalia upande usiofaa. Usiondoe herufi ili kuiridhisha fonti, badilisha fonti. Na usizidishe aina mbili: moja ya nchi na bahari, moja ya miji.

BintiKahawa

Kuhusu majina, sikiliza watu walivyoyapa mahali majina hapa kwetu. Nairobi ni Kimaasai, enkare nairobi, maji baridi. Naivasha pia ni Kimaasai, ni maji yenye mawimbi. Waliopita walitaja walichokikuta. Basi nenda kwenye kisiwa chako, simama kila mahali, jiulize mtu wa kwanza kufika pale alikuta nini. Alikuta chemchemi? Aliumwa na siafu? Alimzika mtu? Andika jibu kwa lugha ya mama yako, kisha lifupishe kama ulimi unavyofupisha jina linalotajwa kila siku. Kwangu bandari inaitwa Tuliza, kwa kuwa ndipo kusi ikivuma majahazi hukimbilia kutia nanga. Jina hilo lilinilazimisha kuigeuza ghuba ielekee kaskazini, maana kusi inatoka kusini na ghuba yangu ya kwanza ilikuwa imeukabili upepo.

NahodhaWaMeza

Mwisho kutoka kwangu: uchapishaji. Nilipeleka ramani yangu River Road ikatoka na ukungu, na bahari ikawa nyeusi nyeusi. Hesabu ni zipi?

BintiKahawa

Ukungu ni wa pikseli chache. Kwa nukta 300 kwa inchi, A4 inataka pikseli 3508 kwa 2480, na A3 inataka 4961 kwa 3508. Amua ukubwa wa karatasi siku ya kwanza unapofungua ukurasa mpya, kwa sababu kuikuza picha baadaye hakuongezi kitu. Ila mwenye RAM ya GB 4 kama mimi, A3 ndio mwisho. Funga kivinjari kabla ya kuhifadhi picha, na uhifadhi kila baada ya jina jipya.

Bahari kuwa nyeusi ni kwa sababu skrini inatoa rangi kwa mwanga na mashine inatoa kwa wino. Buluu iliyokolea inapoteza mwanga wake kwenye karatasi. Ipunguze ukolezo, na uombe kwanza kipande kidogo cha majaribio chenye bahari, msitu na jina moja. Kipande kile kitakuonyesha pia kama maandishi ya vijiji yanasomeka. Yangu hayakusomeka, niliyakuza kidogo nikarudi kesho yake.

mgeni_wa_Rongai

Nimeweka picha ya kisiwa hapo chini. Mlima mmoja, mito mitatu yote inakutana kabla ya bandari, upande wa magharibi nimeuacha mkavu. Bado kijiji kimoja hakina jina.

MzeeWaMistari

Nimeitazama, mwanangu. Mto wa tatu, ule wa kusini, umeupandisha juu ya kilima kabla haujakutana na wenzake. Uzungushe chini ya kilima, upande wa kulia. Na kijiji kile kiko pale mito inapokutana, kipe jina la kivuko.